Aliyevaa Khanga ya Marehemu

Wiki jana niliwaacha nimesimama jikoni pa ofisi, mkono mmoja na birika, mkono wa pili na karatasi ya matokeo ya kura.

Kwa aliyechelewa njiani: mimi ni Tunu, mjane wa marehemu Awadhi, fundi seremala wa Isevya. Mume alitangulia mbele ya haki. Shemeji zangu wakachukua randa na misumeno kabla sijamaliza eda. Nyumba ikafuata. Mwenyezi Mungu hakunitupa, nikapata kazi ya uhudumu kwenye ofisi ya Benki.

Msidhani ni benki ya kwenda na kitabu cha akiba. Hii ni Benki ya mataifa mengi, inayokopesha serikali. Makao Makuu yako ng'ambo. Hapa Tabora ina nyumba ya kupanga, watu kumi na wawili, na mradi wa barabara ya kutolea asali Ipole.

Benki hiyo haipendi wafanyakazi wake washtakiane. Kila ofisi huchagua mtu mmoja kwa kura ya siri, anaitwa Msikilizaji. Mwenye ugomvi huenda kwake kwanza. Msikilizaji haandiki, hahukumu, hatoi siri. Anasikiliza, anawakalisha, wanapatana. Wasipopatana ndani ya siku saba, jalada linafunguliwa na kupelekwa Makao Makuu, na huko sijasikia jalada lililorudi na habari njema.

Katika kura kumi na mbili, tisa ziliandikwa "mama wa chai".

Nikafundishwa siku mbili kwa kompyuta, mimi wa darasa la saba. Nikapewa cheti. Nikakibandika jikoni, karibu na ratiba ya sala.

Sasa sikilizeni nilivyokitumia.

Jumatatu asubuhi Advera akaniita. Advera ndiye afisa utumishi wetu, binti wa Bukoba, amesoma ng'ambo miaka tisa. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Kila siku ananiamkia, hata akiwa na hasira.

"Shikamoo, Bi Tunu. Funga mlango."

"Marahaba. Nikuletee chai?"

"Sitaki chai. Angalia hapa."

Akaniwekea simu mbele. Nikaona msiba wa Nzega, ule wa mama yake Masolwa, dereva wetu. Ofisi nzima ilikwenda kuzika wiki iliyotangulia, mimi nikabaki kulinda simu na vikombe.

Kwenye video ile jeneza lilikuwa limebebwa, linatoka uani. Mbele yake alikuwa anatembea Elieza, afisa manunuzi, mtu mzima mwenye digrii. Alikuwa amevaa khanga ya marehemu, kilemba cha marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anauburuza mguu wa kushoto kama marehemu alivyokuwa akiuburuza.

"Masolwa mwanangu!" alikuwa analia kwa sauti ya kibibi. "Umenizika sijala! Michembe yangu ya viazi umemwachia nani?"

Halafu akajilaza katikati ya njia.

"Hapiti mtu hapa! Nyie Wanyamwezi mmezoea kupita kwetu bure. Leo jogoo kwanza!"

Wabebaji walisimama na jeneza begani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Jogoo akaletwa. Elieza akamkagua mdomo, akasema huyu mgonjwa, leteni mwingine.

Na mimi nikacheka. Sikukusudia.

"Unacheka, Bi Tunu?"

"Nisamehe mwanangu. Ule mguu kaupatia."

"Mtu kafiwa na mama! Mfanyakazi mwenzake anavaa nguo za maiti na kumdhihaki mbele ya watu mia mbili!"

"Huyo ni mtani wake. Elieza ni Mgogo, Masolwa ni Mnyamwezi. Zamani babu zao kina Masolwa walibeba pembe kwenda pwani, wakipita Ugogo wanagombania maji. Walipigana mpaka wakachoka, wakaamua kutaniana. Mtani akifa au akifiwa, mwenzake ndiye mwenye kazi. Analeta kicheko, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika."

"Utani hata sisi tunao. Lakini hivi?"

"Kila mtu na wake."

Advera akafungua kitabu cha sera, akapekua, akakifunga.

"Sera haina neno utani."

"Labda iliandikwa na watu wasio na watani."

Hakucheka. Akaniambia kwamba sera inamlazimisha: akiona udhalilishaji na asiripoti, yeye ndiye mkosaji. Alisharipoti tangu Alhamisi. Siku saba zinakwisha Alhamisi hii, saa sita mchana. Masolwa akitia saini kwamba hakudhalilishwa, shauri limekufa. Asipotia, jalada linafunguliwa, na Elieza anasimamishwa siku hiyo hiyo.

"Ana watoto watatu shuleni," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe, sijamwita mwanasheria."

Nikamkuta Masolwa nyuma ya ofisi, miguu imetokeza chini ya gari. Nikaweka kikombe karibu na kiatu chake.

"Shikamoo mama," miguu ikasema.

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Nimekuja kama Msikilizaji."

Akatoka chini ya gari mzima mzima. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mvua imeshtakiwa kwa kunyesha.

"Yule Mgogo ameniudhi? Mama, mimi tangu mama anafariki sikulia. Siku tatu kifua kimeziba. Nilipoona mguu ule unaburuzwa, nikacheka, nikacheka, halafu ndiyo machozi yakatoka. Asingekuja, ningepasuka."

"Kwa hiyo utatia saini?"

"Hata mara mbili."

"Alhamdulillahi."

"Mtani ana haki yake, mama." Akanywa chai, akafuta mdomo. "Angekuwa si mtani, ningemzika naye shimo moja na mama. Lakini mtani ana haki yake."

Nikarudi jikoni nikiwa mwepesi. Nikafikiri kazi hii ya Msikilizaji ni rahisi kuliko kuosha masufuria.

Sikukaa hata saa moja. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia Elieza, akaufunga nyuma yake.

"Shikamoo mama. Tunayosema hapa ni siri?"

Nikamsomea kama nilivyofundishwa. Siri yake ni yake, simwambii mtu bila ruhusa yake, isipokuwa panapokuwa na hatari ya maisha ya mtu.

"Hata Masolwa?"

"Hata Masolwa."

Akakaa juu ya kreti la soda.

"Mimi si Mgogo."

Nikadhani anatania.

"Mimi Mpare, mama. Wa Same. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, akahamishiwa Dodoma, nikazaliwa pale. Kigogo chenyewe najua salamu tu."

"Sasa Ugogo ulikuingiaje?"

"Masolwa ndiye aliyenitia. Siku nafika Tabora alikuja kunipokea stesheni. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Dodoma. Basi! Akapiga kelele, 'Mgogo! Mtumwa wangu umefika!' Akaninyang'anya kofia, akaivaa, akawaambia watu wote stesheni kwamba nimeletwa kulipa maji ya babu zake. Wote wanacheka. Mama, nilikuwa nimetoka kuachana na mke wangu. Miezi miwili sijacheka na mtu. Nikasema kesho nitamwambia."

"Ilikuwa lini hiyo?"

"Mwaka wa tatu sasa."

Nikavuta kreti lingine, nikakaa.

"Na msibani?"

"Msibani nilikwenda kukaa nyuma kama wengine. Shangazi yake akapaza sauti, 'Mgogo wetu yuko wapi?' Kabla sijajibu nimeshavishwa khanga. Watu wananisubiri. Yule bibi mwenyewe nilikuwa nampenda, kila nikipita Nzega ananifungia michembe. Ningesema nini pale, mama? Kwamba kwa miaka mitatu nimekula michembe yake kwa kabila la watu?"

"Kwa hiyo ulimwigiza mama wa mtu bila kuwa na haki."

"Ndiyo."

"Na umelala mbele ya jeneza bila kuwa na haki."

"Na jogoo nilimpokea."

Wasomaji wangu, hapa ndipo penye ungamo langu la leo. Mengine yote yaliyonipata mpaka hapo nilifanyiwa. Hili nililifanya mwenyewe.

Ilinipasa kumwambia: nenda kwa Masolwa, kaa naye, mwambie. Ndiyo kazi niliyochaguliwa. Lakini nilikumbuka lile shimo moja. Nikakumbuka watoto watatu shuleni. Na niseme ukweli wote, nikakumbuka cheti changu, kwamba shauri langu la kwanza nilikuwa nimeshalimaliza kabla ya adhuhuri.

Nikamwambia, "Nyamaza."

"Mama?"

"Nyamaza mpaka Alhamisi saa sita. Masolwa atatia saini, shauri litakufa. Baada ya hapo utamwambia taratibu, mkiwa wawili."

Akanishika mikono yote miwili, akashukuru. Nilipokwenda kutia udhu, maji yalikuwa baridi na mikono yangu bado naihisi imeshikwa.

Jumanne nilisali rakaa mbili kuomba mwongozo. Mwongozo ulikuja, lakini ulikuwa ule ule niliokuwa naukimbia.

Jumatano nikapiga ile namba ya msaada ya Makao Makuu. Wanayo idara nzima huko ya kupatanisha watu. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole kama muuguzi, na mkalimani katikati yetu.

Nikauliza bila kutaja jina. Kama mmoja ana siri, na mwenzake akiijua mapatano yanavunjika, Msikilizaji afanye nini?

Mkalimani akasema, "Anauliza, je, pande zote mbili zinajisikia salama?"

"Upande mmoja unajisikia salama kwa sababu haujui."

Nikasikia wanazungumza kwa lugha yao.

"Anasema hilo ni jambo la kulitafakari."

"Mwambie nalitafakari tangu juzi."

"Anauliza, na wewe mwenyewe unajisikiaje?"

"Mwambie mgongo unauma."

Akanishukuru kwa kupiga simu.

Alhamisi saa tano na nusu tukakaa kwenye chumba cha mikutano. Advera na karatasi yake. Elieza na shati jeupe, jasho kwapani. Mimi na chupa ya chai, kwa sababu sikujua nishike nini kingine. Masolwa akaingia mwisho, amenawa, ananukia sabuni.

"Mgogo! Leo umevaa viatu! Nani kakuazima?"

"Kaa chini, pagazi," Elieza akajibu. Sauti ilitoka kavu kama gome.

Masolwa akacheka. Mimi nikamimina chai kwenye kisahani badala ya kikombe.

Advera akaanza.

"Bwana Masolwa, nakuuliza rasmi. Kwenye mazishi ya mama yako, ulidhalilishwa?"

"Sana. Ndiyo kazi yake."

Kalamu ya Advera ikasimama.

"Niandike ndiyo au hapana?"

"Andika hapana. Halafu uandike alifanya vizuri."

"Hakuna sehemu ya kuandika alifanya vizuri."

"Basi andika pembeni."

Advera akaandika pembeni. Niliona kwa macho yangu. Mara ya kwanza wiki hiyo nikaona anataka kutabasamu.

Akatia saini yeye. Akasogeza karatasi, Elieza akatia saini, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Karatasi ikafika kwa Masolwa. Akaichukua kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Masolwa akaiweka kalamu chini.

"Kabla sijatia, nina habari njema. Nilitaka niiseme mbele yenu wote."

"Tia saini kwanza mwanangu," nikasema, "habari haiozi."

"Hapana mama, hii ni nzuri. Jumapili tunaondoa matanga. Ukoo umekaa. Wamesema hawajaona mtani kama huyu tangu wazee wazikwe. Elieza ndiye atakayefagia nyumba ya mama."

Advera akauliza kufagia nyumba kuna ukubwa gani.

Masolwa akamgeukia, uso umebadilika, hamna tena utani ndani yake.

"Dada, kwetu mtani ndiye anayefagia kifo kikatoka. Anachukua majivu ya msiba, anakwenda kuyamwaga njia panda, anarudi bila kugeuka nyuma. Akifagia asiye mtani, kifo hakitoki. Kinajikunja pembeni, kinangoja. Na mke wangu Leonia yuko nyumba ile ile, ana miezi minane."

Mimi hayo siyaamini. Mauti yako kwa Mungu, hayafagiwi kwa ufagio. Lakini nilimtazama Masolwa nikaona yeye anaamini, na Leonia mwenye tumbo la miezi minane anaamini. Siku watakapojua nani alishika ufagio, kila homa ya mtoto yule itakuwa na jina la mtu. Majina mawili, la Elieza na langu.

Nikamtazama Elieza. Rangi ya midomo ilikuwa imemtoka.

"Masolwa," akasema, "si lazima mimi. Tafuta Mgogo mtu mzima..."

"Sikiliza huyu! Anataka jogoo wa pili!" Masolwa akacheka peke yake. "Kuna kitu kimoja tu kimebaki. Ametokea mjomba mbishi kutoka Manyoni, anauliza huyu Mgogo ni wa ukoo gani. Mpaka shangazi naye ameingiwa na wasiwasi. Nikamwambia, shangazi, usihangaike. Pale ofisini yuko Bi Tunu. Mama wa sala tano. Haongopi hata kuhusu sukari. Yeye akisema neno, mjomba atanyamaza."

Alikuwa ameshatoa simu. Alikuwa ameshapiga. Akaiweka katikati ya meza, sauti juu.

"Shangazi! Niko naye hapa."

"Nani?"

"Bi Tunu, wa ofisini!"

Sauti ya mwanamke mzee sana ikajaa chumba kizima.

"Hamjambo huko?"

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za Tabora?"

"Nzuri. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mwanangu, sina maneno mengi, salio la huyu mtoto litakwisha. Mimi ndiye niliyemvisha kijana yule khanga ya wifi yangu kwa mikono yangu. Sasa wananiambia maneno. Nimeambiwa wewe ni mtu wa Mungu. Niambie nilale. Yule ni mtani wetu kweli?"

Saa ilisema sita kasoro dakika saba.

Nikisema si mtani, nimetoa siri niliyoapa kuitunza, kalamu haitaguswa, na saa sita jalada la Elieza linafunguliwa. Nikisema ndiye, Jumapili anafagia. Nikinyamaza, Masolwa atakisoma kimya changu kabla sijamaliza kupumua. Siku mbili za mafunzo, na hakuna aliyenifundisha ukurasa huu.

"Bi Tunu?" Advera akaniita taratibu. Alikuwa anamtazama Elieza, halafu mimi, halafu Elieza.

"Haloo?" shangazi akaita. "Mmekata?"

"Hatujakata, shangazi," nikasema. "Nipo. Nilimwambia mtu jambo Jumatatu, nilikosea kumwambia. Nalirudisha sasa, mbele yenu."

"Jambo gani mwanangu?"

"Nilimwambia anyamaze."

Nikaichukua ile simu mezani. Ilikuwa ya moto. Nikaisogeza mbele ya Elieza, nikaondoa mkono wangu.

"Shangazi, unayemuuliza habari zake yuko hapa. Muulize mwenyewe. Mimi nitakaa naye mpaka amalize kusema."

Elieza aliitazama simu kama mtu anayetazama kisima. Nje, chini ya dirisha, mlinzi alikuwa anamwagilia maua anapiga mluzi. Halafu Elieza akainama, akausogeza mdomo karibu.

"Shikamoo shangazi," akasema. "Ni mimi."

"Marahaba, mtani wangu! Sema."

Masolwa alikuwa bado anatabasamu.